Mshikio Mwepesi

Katika ile klabu ya michezo ya majini, Kocha akishasema, mjadala umekwisha. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye mgongo mpana na sauti iliyovuka ziwa bila kipaza sauti. Karibu nusu ya wanachama, wakiwamo wenye vitambi na wajukuu, ni yeye aliyewafundisha kusimama juu ya ubao wa tanga unaosukumwa na upepo. Akisema kifaa fulani hakifai, kinarudi stoo na hakuna anayeuliza mara mbili.

Jambo moja alilificha. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumsaliti. Asubuhi alivaa blauzi polepole, akiuma meno, na kitana alikuwa amekihamishia mkono wa kushoto. Mumewe alipomuuliza, alijibu kwamba amelilalia vibaya. Mwaka mzima akawa amelilalia vibaya.

Siku hiyo meneja alimwita stoo. Juu ya meza kulikuwa na mishikio miwili mipya, myeusi, inayong'aa. Mshikio ndio ule mkono wa tanga: mabomba mawili yaliyopinda kama upinde, yanafungwa kwenye mlingoti na kulikumbatia tanga huku na huku, ili mchezaji apate pa kushika. Ile ya zamani ya alumini ilikuwa imechakaa na kupinda. Sasa klabu ilitaka ya kaboni.

"Viwanda viwili vimetuletea sampuli," meneja alisema. "Kila kimoja kinajisifu. Ijaribu, Kocha, utuambie. Utakaouchagua ndio tutakaoagiza kwa klabu nzima."

"Kwenye upepo mkali pia?" fundi wa stoo aliuliza.

"Hasa upepo mkali. Kwenye upepo mwanana hata ufagio utafaa."

Wakacheka wote. Kocha akainua mmoja, kisha mwingine. Tofauti ya uzito ilikuwa ndogo, labda kama chungwa moja, lakini bega lake liliitambua mara moja.

Siku ya kwanza upepo ulikuwa wa wastani, naye akaingia majini na yote miwili kwa zamu. Ule mzito ulikuwa na bomba nene na ngumu. Ukivuta, tanga linajibu hapo hapo. Ila kila alipoinua tanga kutoka majini, bega liliwaka moto mpaka machozi yakamlengalenga. Ule mwepesi ulikaa vizuri kiganjani na tanga likapanda lenyewe, bila maumivu. Kweli, upepo ulipoongezeka ghafla, ncha yake ya nyuma ilitikisika kidogo. Kocha aliuhisi ule mtikisiko. Akaamua kuusahau.

Upepo mkali ulikuja siku chache baadaye, ziwa likajaa povu. Kocha alitoka na ule mwepesi mbele ya watu wote, akazunguka nyuma ya rasi yenye miti mirefu, mahali upepo usipofika. Huko akaketi juu ya ubao, miguu ikining'inia majini kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari. Alipoona muda umetosha, alizamisha kichwa nywele zilowe, akarudi. Ule mzito aliubeba mpaka ufukweni, akaukalisha mchangani nyuma ya banda la mashua, akaurudisha.

"Vipi?" meneja aliuliza.

"Mwepesi. Hauna mpinzani."

"Kwenye mawimbi haukusumbua?"

"Si nimekwambia nimeijaribu?"

Ikaagizwa. Wa kwanza kukabidhiwa mshikio mpya alikuwa Kijiti, binti wa kaka yake, msichana mwembamba aliyejifunza kusimama kwenye ubao kabla hajamaliza kubadilisha meno ya utoto. Mashindano yalikuwa yanakaribia, na watu walishaanza kusema kwamba safari hii Kocha atapata mrithi.

Upepo ulivuma vizuri alasiri hiyo. Kijiti alijifunga ule mkanda wa kiunoni wenye ndoano, akaining'iniza kwenye kamba ya mshikio, akalala nyuma kwa uzito wake wote na kuondoka kama mshale. Mbali katikati ya ziwa, ubao ulipanda juu ya wimbi, ukatua kwa kishindo. Waliokuwa kwenye mashua ya uokoaji walisikia mlio wa kitu kikavu kikipasuka. Mshikio ulikatika karibu na mlingoti, na ncha ya bomba ikampiga Kijiti chini ya shingo. Walimtoa majini akiwa na fahamu zake, mkono ameukumbatia kifuani, mfupa wa bega umevunjika.

Klabu nzima iliwaka hasira. "Kiwanda kitatutambua!" meneja alifoka. Kocha alitikisa kichwa pamoja na wengine. Fundi akaleta vipande viwili, akaviweka mezani, akamtazama.

"Kocha, siku ile kwenye upepo haukulia hata kidogo?"

"Haukulia," alijibu. Uongo huu wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Alimtembelea Kijiti nyumbani kwa kaka yake kila baada ya siku mbili tatu, mikononi mfuko wa matunda. Siku moja alimkuta dirishani, mkono umefungwa shingoni. Wifi yake akamimina chai. Kaka yake, dereva wa lori ambaye mara nyingi huwa safarini, alikuwapo.

"Shangazi, nimeamua kuacha," Kijiti alisema.

"Kuacha nini, mwanangu?"

"Tanga. Kosa ni langu. Wewe uliujaribu kwenye upepo kama ule ule, ukarudi salama. Mimi siku ya kwanza tu nimeuvunja. Lazima nilitua vibaya. Si ulishaniambia nina pupa?"

"Nami nimemwambia amsikilize shangazi yake," kaka akadakia. "Dada, wewe ndiye uliyemlea majini. Mungu akuzidishie."

Kocha alitamani ardhi ipasuke. Uso ulimchemka mpaka masikioni. Aliweka kikombe chini, kikagonga kisahani, akashindwa kuinua macho.

"Sikuujaribu," alisema.

"Hukuujaribu wapi?" kaka aliuliza.

"Kwenye upepo. Nilijificha nyuma ya rasi. Na ule mzito siku hiyo sikuutia majini kabisa." Akaligusa bega la kulia. "Bega langu bovu. Nilichagua ule niliouweza mimi."

Jikoni maji yalikuwa yakichuruzika bombani, na wifi yake hakwenda kuyafunga.

"Ungesema tu bega linauma," Kijiti alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nani angekucheka? Siku zote hizi nalala najilaumu, na wewe ulikuwa unaniletea machungwa."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

"Maliza chai yako," kaka alisema, bila kumtazama.

Hakuweza. Kesho yake alisimama stoo, akawaeleza wote. Meneja, aliyekuwa na simu mkononi akitafuta wa kumgombeza kiwandani, aliiweka mezani. Watu walitazama viatu vyao. Walipotawanyika, fundi alibaki akipangusa mlingoti uliokuwa umeshatakata.

"Nilijua," alisema. "Ule mzito ulirudi na mchanga mkavu. Nikaona haya kukuuliza. Kocha mzima, nianzie wapi?"

Kocha alidhani hilo lingempunguzia mzigo. Halikupunguza. Aligundua tu kwamba kwa sifa zake alikuwa amewafunga watu midomo, tena watu wazima wenye macho.

Mishikio yote myepesi ilitolewa. Wakufunzi wawili vijana waliujaribu ule mzito kwenye upepo wa kweli, kwa zamu, mashua ikiwafuata, nao ukavumilia. Kocha alikwenda hospitali kuhusu bega lake, akaambiwa asinyanyue tanga tena. Akabaki kufundisha ufukweni. Wanachama waliendelea kumheshimu, ila walimsalimia kwa uangalifu, kama anavyosalimiwa mtu aliyefiwa.

Kijiti alipopona, alirudi. Mashindano ya mwaka huo yalikuwa yamempita. Alijiunga na kundi la mkufunzi mwingine, na kila akipita alisema, "Shikamoo, shangazi," na kuendelea na safari yake. Kocha aliitikia, "Marahaba, mwanangu," na kujifanya anakaza kamba iliyokwisha kukazwa.

Miezi ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja Kijiti alisimama karibu naye, ubao kwapani, akitazama ziwa.

"Shangazi, kule katikati kukoje leo?"

Jibu lilishafika ulimini, lile la miaka yote. Kocha akalirudisha.

"Sijui. Sijafika huko. Muulize yule pale, ndiyo kwanza anatoka."

Kijiti alimtazama kidogo, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaweka ubao wake chini, miguuni pa shangazi yake.

"Niangalizie," alisema, akaenda kuuliza.