Kereng'ende Asiyefuata Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wavu wa kitambaa chepesi wenye mpini mrefu, nikacheka mpaka ushungi ukaniporomoka. Mimi, mtoto wa wafugaji wa Hadado, niliyeacha shule mapema, nikamate wadudu? Mkuu wa Utafiti, mzee kutoka Meru, hakucheka. "Mama, kereng'ende mshike mabawa yakiwa yamefungwa pamoja. Ukimbana tumbo, umemuua."

Nikajifunza. Mtoto wa kereng'ende huitwa tunutu. Huishi majini, akikomaa hupanda tete, hujivua ganda, huruka. Ukikuta ganda tupu, ujue kazaliwa hapo hapo, si mgeni. Kazi yangu ilikuwa kutafuta maganda. Nilitumwa Kutulo, nikatumwa kwetu Hadado, kisha nikaletwa Garissa, mtoni, na huko ndiko nilikozeekea.

Mtoni yuko kereng'ende mmoja mwembamba, mwekundu, wa kivulini. Mkuu alisema yumo katika daraja la walio hatarini kutoweka: akikosa kivuli na maji yanayotembea, basi. Tulikuwa tunampata kwenye kijito kimoja tu, na Abdi, ndugu wa marehemu mume wangu, alitaka kufyeka miti yote pale aweke pampu ya shamba. Migomba yake ilikuwa inakauka, simlaumu.

Siku tuliyokwenda kumsihi, mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Kereng'ende walijaa hewani kama vumbi. Abdi akaangua kicheko.

"Shemeji, hawa ndio wanaokwisha? Mmoja kaingia kwenye chai yangu!"

"Hao ni wahamaji," nikamwambia. "Wanafuata mvua kama watu wa ngamia. Wangu hahami. Ni kama wewe na migomba yako. Ukimfyekea hapa, aende wapi?"

Mkuu akaongeza polepole, "Bwana Abdi, pampu ikae pale chini palipo wazi. Bomba litakuwa refu, lakini nitalibeba mwenyewe."

Abdi alimtoa mdudu kwenye chai kwa kidole, akamtazama. "Wallahi nyinyi ni wazimu. Leteni bomba."

Tulilibeba. Mkuu alishika kiuno wiki nzima, na hakulalamika.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Waberi, papa hapa Garissa. Magoti hayataki tena matope. Msidanganyike kwamba tulishinda. Mdudu bado yuko hatarini, daraja ni lile lile. Ila juzi Abdi alinipigia simu, akiongea kwa sauti ya chini kama yuko msikitini.

"Shemeji, mwekundu wako amekaa juu ya bomba. Nimezima pampu nisimshtue. Huwa anakaa muda gani? Migomba inangoja."

"Ingoje," nikamwambia.