Kompyuta Haijui Masikio ya Kondoo

Saa moja asubuhi, Oddný Hermannsdóttir anamwaga kahawa ya jana kwenye sinki, anachemsha nyingine, kisha anakaa mbele ya kompyuta akiwa bado amevaa koti. Nje, lori la kwanza la kondoo linarudi kinyumenyume kwenye lango la machinjio. Ofisi nzima inanuka sufu iliyolowa.

Kwenye skrini kuna mkulima mpya. Namba yake ya akaunti imeshafika kwa barua pepe, lakini Oddný haiingizi kabla ya kuisikia kwa mwenyewe. Ananyanyua simu.

"Nisomee akaunti yako. Mimi sikusomei," anasema. "Ndiyo, najua ni wewe! Nimekujua tangu unafutwa kamasi. Soma tu."

Oddný, mwenye miaka 57, ndiye mtunza rekodi za wasambazaji katika machinjio ya ushirika kwenye pwani ya Húnaflói, kaskazini mwa Iceland. Yeyote anayeuuzia ushirika kitu, awe mkulima wa kondoo au fundi wa majokofu, lazima kwanza awemo kwenye programu yake ya uhasibu: jina, namba ya kitambulisho, anwani, akaunti. Asiyekuwepo na lake halipo. Bila rekodi hakuna malipo, hata mtu aje na kundi zima mlangoni.

Kwa kazi hiyo analipwa króna 620,000 kwa mwezi kabla ya kodi. "Zinatosha zikibanwa," anasema.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kuchapa majina. Kuchapa hata kuku anaweza. Kazi ni kujua nani ni nani."

Na hapo ndipo alipoteleza mwaka jana.

Ushirika ulinunua programu mpya, na Oddný akapewa kazi ya kuwahamishia humo wasambazaji wote. Programu ilikataa waliokufa. Ketill wa shamba la Hvammar alikuwa amefariki majira ya kuchipua, kwa hiyo jina lake likaja na mstari mwekundu. Oddný aliifunga rekodi yake bila kuifuta, ili malipo ya zamani yabaki. Kisha akamfungulia rekodi Ísak, mwana wa marehemu, anayeishi Reykjavík na aliyerithi ardhi. Kitambulisho kilikuwepo, akaunti ikahakikiwa kwa simu.

"Kila kitu kilikuwa sawasawa," anasema, "isipokuwa mtu."

Wiki moja kabla ya uchinjaji, Svanborg, mjane wa Ketill, aliingia ofisini na mabuti yake ya zizini. Oddný akammiminia kahawa. Bibi huyo wa miaka 74 hakuigusa, na huko kuiacha kahawa ipoe mbele ya mwenyeji si jambo dogo.

"Binti Hermann," alisema, "nasikia kondoo wangu wamepata mwenyewe mpya."

"Ni Ísak, mama. Shamba si limekuwa lake?"

"Shamba lake, sawa. Mimi je? Umenitia kwenye kisanduku gani?"

Kwa miaka arobaini Svanborg ndiye aliyewazalisha kondoo wale. Malipo ya vuli ndiyo riziki yake ya mwaka mzima, na sasa yangeingia kwenye akaunti ya mwanawe mjini. Tena Ísak alishaanza kuzungumzia kuuza kundi lote na kuwapangishia watalii nyumba. Wanakondoo wakiuzwa kwa jina lake, mama zao nao wangehesabika kuwa wake.

"Njoo zizini Jumamosi," Svanborg alimwambia akisimama. "Uwashike masikio."

Jumamosi hiyo kondoo walikuwa wameshateremshwa kutoka milimani, na wilaya nzima ilikuwa kwenye zizi la mviringo, kila familia ikivuta walio wake. Ísak naye alikuwepo, mabuti mapya, hayana hata tope.

"Dada Oddný, mbona unajitesa?" alimwambia. "Hereni ya plastiki ina namba ya Hvammar. Hvammar ni yangu. Mambo yamekwisha."

Huku kila mwenye kondoo huwakata masikio kwa alama yake. Oddný alimbana mwanakondoo katikati ya magoti, akapapasa masikio. Sikio la kulia limekatwa ncha. La kushoto lina pengo dogo kwa nyuma. Akamshika wa pili, akamshika wa tatu. Mambo ni yale yale. Alama hiyo ilikuwa ya baba yake Svanborg, aliyemwachia bintiye alama hiyo pamoja na kondoo aliokwenda nao kwa mume. Alama ya Ketill haikuwepo hata kwenye sikio moja. Kumbe marehemu aliuza kondoo wake wote zamani, akanunua trekta.

"Hereni inasema wanalala wapi," Oddný alimwambia Ísak. "Sikio linasema ni wa nani."

Mama yake akamsukuma begani. "Basi shika lango, usisimame kama mgeni." Akalishika.

Jumatatu Oddný alifunga rekodi aliyoifungua mwenyewe, akamwandika Svanborg. Programu haina kisanduku cha alama za masikio, kwa hiyo aliijaza kwenye maelezo.

"Huku mtu anaitwa kwa shamba lake. Nilifuata shamba, nikamfuta mtu," anasema. "Niliona aibu, sifichi."

Tangu hapo kila simu yake ina swali la mwisho: "Na masikio?" Wamejitokeza wanawake kadhaa ambao kondoo wao walikuwa wakiuzwa kwa majina ya waume, wana na kaka.

Hrefna, mhasibu anayekaa meza ya mbele yake, ndiye aliyemgeuzia swali. "Na wewe je, mwalimu wa wenzio?"

Oddný ana kondoo jike kumi na wawili kwa kaka yake Eyvindur, wenye alama ya bibi yao. Kila vuli wanakondoo wao huuzwa kwa rekodi ya Eyvindur, naye humpa dada yake kitu Krismasi, akikumbuka. Oddný hakuwahi kuuliza.

Programu haimruhusu mtu kujifungulia rekodi mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi hii Hrefna ndiye anayejaza, polepole, kwa vidole viwili. Anafika kwenye akaunti, anasita, ananyanyua simu. Simu ya mezani kwa Oddný inalia.

"Nisomee akaunti yako. Mimi sikusomei."

"Hrefna! Si tuko chumba kimoja?"

"Sheria yako hiyo, si yangu. Soma."

Oddný anasoma.

"Na masikio?"

"La kulia, mapengo mawili kwa mbele," anasema. "La kushoto limepasuliwa ncha."

Hrefna anaidhinisha. Eyvindur amenuna, lakini amekubali kuwaleta wanakondoo Alhamisi. Pesa zikiingia, Oddný anataka kununua dume la kwake. Alhamisi yenyewe ameomba ruhusa ya nusu saa, ateremke langoni akasimame kwenye foleni ya wanaoleta mali yao.