Jembe la Mpini Mrefu

Nyuma ya mlango wa jiko letu, kwa miaka mingi, lilisimama jembe ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyeweza kulilimia. Mpini wake ulikuwa mrefu mno. Baba aliuchonga kwa ajili ya mama mmoja Mwingereza aliyewazidi kimo wanaume wengi wa kwetu, na ambaye majembe yetu ya kawaida yalimkunja mgongo hadi akashindwa kuinuka kitandani. Sisi watoto tuliambiwa tumwite mama mdogo, kana kwamba alizaliwa tumbo moja na mama yetu. Wiki ya kwanza tulicheka. Baadaye tukazoea, na shikamoo zake tukampa kama tulivyowapa mama wadogo wengine.

Alifika Lushoto na mumewe kabla ya Uhuru. Mumewe alikuwa mtaalamu wa miti ya matunda, na nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya shamba letu, katikati ya miplamu na mipeasi. Mama yangu aliwauzia mboga. Mama aliolewa hapo kutoka Mlola, ambako si mbali, lakini hakuacha kusema "kwetu" kila alipotaja maharage ya Mlola, maji ya Mlola, hata mvua ya Mlola, ambayo ilikuwa ni hiyo hiyo iliyotunyeshea sisi. Nadhani ndicho kilichowakutanisha wale wawili. Yule Mwingereza naye hakuweza kumaliza mazungumzo bila kwao.

Alikumbuka haradali inayopanda puani. Alikumbuka soseji za aina fulani, Krismasi yenye giza la mapema, na gazeti la asubuhi linaloangushwa mlangoni. Alikumbuka kusimama kwenye foleni bila mtu kumuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ukungu wetu ulimfariji, alisema, maana ulifanana na wa kwao, ila wa kwao ulikuwa na harufu ya makaa. Mimi niliona ajabu mtu mzima kuukosa moshi, na sisi tulikuwa nao wa kutosha kila jioni.

Chai yetu ilimshangaza zaidi. Mama alitia maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, akaichemsha juu ya kuni mpaka ikawa na rangi ya udongo wa kichuguu.

"Dada, hii ni chai au ni supu?" aliuliza mara ya kwanza.

"Wewe kunywa," mama akamjibu. "Jina utaipa baadaye."

Hakuwahi kuipa jina, lakini kikombe alikirudisha kitupu.

Jembe lilianza kwa utani. Mumewe aliposafiri kikazi, yule mama alikuja kukaa kwetu, kwa kuwa hakupenda kubaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Siku mbili alikalishwa kwenye kiti chetu pekee chenye mgongo, akaletewa maji ya kunawa, akachinjiwa kuku. Siku ya tatu, asubuhi, mama akamwekea jembe miguuni na kumwambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Majirani walikufa kwa kicheko. Yeye aliuliza maana ya msemo, akaelezwa, akavua viatu. Walishinda kwenye tuta la viazi hadi mchana, na jioni viganja vyake vilikuwa na malengelenge ambayo alitembea nayo kijijini akimwonyesha kila mtu. Sijapata kuona mtu anayejivunia malengelenge namna ile. Mgongo ulipomlaza, baba akaenda kutafuta mti wa mpini mrefu.

Tangu siku hiyo hakukaribishwa tena kwetu. Namaanisha kwamba hakuna aliyemwambia karibu. Aliingia kupitia jikoni, akaketi kwenye kigoda magoti yakimfika kidevuni, akamenya alichokikuta. Kishambaa chake kilikuwa kibaya na alikitumia kwa wingi.

Miaka ya Ujamaa ilipokuja, shamba la matunda likawa mali ya umma na kazi ya mumewe ikaisha. Hapakuwa na ugomvi. Waliagwa kwa hotuba, wakapigwa picha pamoja na viongozi, wakaenda Marekani ambako binti yao alikuwa ameolewa. Kabla ya kuondoka alikuja kutuaga na kumwomba mama jambo moja tu, kwamba mpini usikatwe. Mama akaapa. Baba alikuwa tayari anaupigia mahesabu ule mti.

Barua zilikuja kila mwaka karibu na Krismasi, kwa Kiswahili, nami nikamsomea mama. Mkate wa Marekani, aliandika, ni mtamu kama keki na haushibishi. Ukiomba chai unapewa kikombe cha maji ya vuguvugu na kimfuko kinachoning'inia kwenye uzi. Barabara ni pana na hakuna anayetembea kwa miguu. Siku moja alitoka kwenda dukani kwa miguu, dereva akasimamisha gari kumuuliza kama amepatwa na shida. Watu ni wakarimu kweli, aliongeza ili awatendee haki, na wanatabasamu kabla hata hujawajua. Wanakuuliza hali, lakini ukifungua mdomo kujibu wameshapita.

Hili la mwisho lilimtia mama hofu ya kweli. "Wanauliza halafu wanaondoka?" Alitaka nisome tena. "Sasa habari za mgonjwa watazijuaje?"

Mwanzoni alizikosa haradali na soseji kama alivyozikosa akiwa kwetu. Kadiri barua zilivyoendelea, haradali ikatoweka. Akaanza kuuliza kama tuta la juu bado linamomonyoka, kama kuku wanalala kwenye mti au bandani, kama moshi wa jiko bado unatokea upande wa mlango. Kisha ikaja barua fupi: mumewe amefariki, na yeye anakuja kututazama.

Wakati huo nilikuwa mwalimu, nikawa likizoni nyumbani. Nchi ilikuwa na uhaba wa kila kitu. Sukari ilikuwa habari, ngano ilikuwa uvumi. Mama alizunguka kwa wiki kadhaa, akabembeleza kwenye duka la ushirika apewe sukari na unga wa ngano, akamtuma mjomba wetu wa Magoma atuletee mchele mweupe, akapata siagi kwa watawa, na birika la kauri lenye ua akaliazima kwa mke wa mchungaji. Alinitaka nimfundishe jinsi Waingereza wanavyotengeneza chai. Nilimfundisha nilichokisoma vitabuni. Alikariri kama anayejiandaa kwa kipaimara: maji peke yake, majani peke yake, maziwa kando.

Yule Mwingereza alishuka kwenye gari akiwa mzee. Nywele zilikuwa nyeupe zote na ule urefu ulikuwa umepungua. Mama alimkumbatia, wakalia, wakaulizana hali kwa muda mrefu, kwa Kishambaa, mpaka mimi nikachoka kushika begi. Mara akageuka kuelekea mlango wa jikoni. Mama akamshika mkono na kumwingiza kwa mlango wa mbele.

Jioni ile, mezani, juu ya kitambaa kilichotarizwa, alieleza kilichomleta. Alisema bila machozi. Binti yake anataka abaki Marekani. Dada yake aliyeko Uingereza amemwandalia chumba. "Kule mimi ni mgeni wa binti yangu," alisema. "Uingereza nitakuwa mgeni wa dada yangu. Nina siku tatu hapa. Nimekuja kuona kama bado kuna mahali ambapo mimi si mgeni."

"Hapa ni kwako," mama akasema, na akammiminia chai kutoka kwenye birika la mke wa mchungaji.

Aliinywa. Alisema ni nzuri sana. Mama alinitazama kwa furaha, nami nikajisikia vizuri kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Mgeni alikula peke yake. Sisi tulikula jikoni, kama ilivyo heshima ya mgeni mkubwa, na mara mbili alikuja akasimama mlangoni akivuta pumzi, mama akamrudisha mezani akimwambia moshi utamuumiza macho. Siku ya pili wazee walikuja kumpa pole ya msiba, wakakaa sebuleni na kofia magotini. Alipojaribu kuchukua sahani azioshe, watoto wa kaka yangu wakakimbia kumnyang'anya. Tulikuwa tumewafunza vizuri.

Siku ya tatu aliamka kabla yetu. Nilimwona akitoka na kitambaa kichwani na viatu vya zamani, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jiko. Jembe lilikuwepo. Mpini ulikuwa haujakatwa, mama alikuwa ameupaka mafuta kila mwaka. Yule mama aliushika, akaupima mkononi, akatabasamu kwa namna ambayo hakuwa ametabasamu tangu afike, akaanza kupandisha kuelekea kwenye tuta.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita njiani. Akasimama. Mama alitoka jikoni, akamwona balozi, akamwona mgeni, mjane, mzee, ametoka ng'ambo, ana jembe begani. Alikimbia. Sijawahi kumwona mama yangu akikimbia vile.

"Hapana, dada, hapana! Watu watasemaje? Wewe ni mgeni wangu!"

Akalichukua lile jembe mikononi mwake. Yule mama hakuling'ang'ania. Aliliachia pole pole, kidole baada ya kidole, akasema, "Samahani, dada." Akarudi sebuleni, akaketi kwenye kiti chenye mgongo, mikono mapajani, mpaka saa ya kifungua kinywa.

Gari lilipokuja mchana, mama alimpakia plamu, maharage na mkate aliouoka kwa ule unga wa ngano. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilimuuliza kama amefurahi, swali la kijinga la mtu aliyeshika begi.

"Mama yako amenitunza kuliko malkia," alisema. Baadaye akaongeza, akitazama juu kwenye tuta, "Ila leo ilikuwa siku ya tatu."

Hapo nilielewa, na nilimkasirikia mama yangu kwa hasira ambayo sikujua niiweke wapi, kwa sababu hakukosea jambo lolote ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliita kosa.

Alikwenda Uingereza. Barua yake ya mwisho ilisema chumba chake kina dirisha zuri, haradali ipo, na dada yake hamruhusu hata kuosha vikombe. Aliandika kwamba asubuhi anaota chai iliyochemshwa kwa moshi, na kwamba kule kwetu hakuiomba kwa sababu mama ndiye aliyemfundisha kuwa mgeni hachagui. Niliisoma kwa sauti mpaka mwisho, maana sikujua kinachokuja. Mama alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Akaenda nyuma ya mlango, akakaa huko.

"Nilimnyang'anya," alisema alipotoka. Hakulitaja tena jambo hilo kwa miaka mingi.

Baba alipofariki nilimchukua mama nikae naye Tanga, kwenye nyumba yangu yenye bomba ndani na jiko la mafuta ya taa. Nilimpa chumba chenye upepo. Nilimwambia apumzike, ameshafanya kazi ya kutosha. Alikosa baridi, alikosa maji ya Mlola, alikosa moshi. Msichana wangu wa kazi alikuwa na adabu sana. Kila mara mama aliposhika ufagio, yule msichana aliupokea kwa mikono miwili, akamletea kiti.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi sebuleni, mikono mapajani.

"Nina siku ngapi hapa?" aliniuliza.

"Siku gani tena, mama? Ni miezi sasa."

"Basi jembe langu liko wapi?"

Sikuwa na shamba Tanga, nilikuwa na uwanja wa saruji na kamba ya nguo. Niliingia jikoni nikatafuta kazi, nikakuta msichana ameshamaliza zote. Nikachukua ungo wenye mchele wa mchana nikamwekea miguuni.

Mama aliupitisha mkono kwenye mchele, akauchota, akautazama karibu na macho.

"Huu umeshachambuliwa," alisema.

Kisha akauvuta ungo mapajani, akageukia mwanga wa dirishani, akaanza kuuchambua upya.