Ghala Lililokosa Pumzi

Nilipokuwa mtoto pale Ndalu, nyuma ya jikoni letu kulikuwa na kichuguu kilichoheshimiwa kuliko mimi. Mimi nilichapwa, chenyewe hakuna aliyekigusa. Nyanya, mamake baba, alisema wazee waliotangulia hupumulia humo, na atakayeziba matundu yake atazibiwa baraka.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, hakutaka kusikia hayo. Kitu alichoogopa ni nyoka. Akayaziba matundu yote kwa udongo, kisha kando yake akajenga ghala la mabati matupu, lisilo na upenyo hata wa mbu, ili mchwa na panya wakome.

"Baba Nafula, umewaziba wazee pua," Nyanya akamwambia.

"Mama, wacha ushirikina bana. Wazee gani hao wanaishi na mchwa?"

Tukajaza mahindi ya mwaka mzima, mengine hayajakauka sawasawa. Haukupita muda ghala likaanza kunuka. Baba alipotumbukiza mkono, alikuta mahindi ni ya moto, mabati yanatoka jasho kwa ndani, na ukungu umeanza. Chakula chetu chote kilikuwa mle. Mama alilia. Nyanya alikitazama kichuguu, akamtazama baba, na hilo lilimuuma baba kuliko matusi.

Jumapili ile baba alisema tumbo linamsumbua, tukamwacha nyumbani. Njiani Nyanya akakumbuka mwavuli. Tuliporudi, mimi naye, tulimkuta mgonjwa wetu amepiga magoti mbele ya kichuguu, anazibua matundu kwa mwiko wa ugali.

"Wazee, samahani," alikuwa akinong'ona. "Si kwa ubaya."

"Ongeza sauti," Nyanya akamwambia. "Wengine hapo ni viziwi."

Baba hakugeuka. Aliweka kiganja kwenye tundu la juu, akakihamishia la chini, akakirudisha.

"Mama, hapa juu panatoka hewa ya moto, chini inaingia baridi. Si hii ndiyo ghala langu limekosa?"

Tuliyaanika mahindi kwenye turubai, yaliyooza tukayafukia. Baba akakata matundu chini ya ghala, akayawekea waya wa kuzuia panya, akasimamisha bomba juu ya paa. Majirani walipoliona bomba walikuja na vikombe, wakidhani mzee wa kanisa ameanza kupika chang'aa. Ghala likakauka, tukala hadi mavuno mengine.

Mvua ziliporudi nilimkuta Nyanya kando ya kichuguu anatafuna kumbikumbi. Nikamuuliza kama kweli wazee wanaishi mle.

"Mimi nitajuaje?" akacheka. "Ningemwambia baba yako ati nataka kumbikumbi zangu, si angekibomoa?"

Nilimpenda sana siku ile, na bado nampenda. Hofu yake ya kubuni ilikilinda kichuguu mpaka baba akapata sababu ya kukichunguza. Siku hizi nachora nyumba mjini Kitale. Nikimweleza mteja habari za joto na unyevunyevu, anapiga miayo. Nikimnong'oneza kwamba nyumba isiyopumua hukaribisha mikosi, ananiuliza tuweke matundu mangapi.