Doa la Manjano Mdomoni

Kwa Kiswahili ndege hawa weupe wenye shingo ndefu, ambao Waingereza huwaita swan, wote ni batamaji, basi. Mimi nilihitaji majina mawili. Yule mkubwa, mwenye mdomo mweusi na sauti nene, nilimwita tarumbeta. Yule mdogo anayepita akitoka Aktiki, mwenye doa la manjano mbele ya jicho, nilimwita filimbi. Mke wangu, nesi huko Fridley, Marekani, aliyasambaza majina hayo kanisani, na kufikia katikati ya miaka ya tisini Wakenya wenzetu waliniita Mzee wa Mabata.

Ndege sikuwasomea chuoni. Nilijisomea jikoni, baada ya zamu. Kwa hiyo chama cha watazamaji ndege kiliponiomba kuongoza matembezi, nilijua kwamba nikikosea siku ya kwanza hakutakuwa na ya pili.

Mimi na wanachama tulisimama kando ya mto, juu ya mji wa Anoka, mahali maji hayagandi na tarumbeta hukusanyika wakati wa baridi. Mke wangu alikuja na rafiki yake wa kanisani.

“Huyo ako na yellow,” rafiki akasema, akimwonyesha mmoja kundini. “Ni filimbi, ama?”

Mmarekani mmoja akasema huenda ni mchanganyiko wa aina mbili. Nikawatafsiria: chotara.

“Chotara?” mke wangu akauliza. “Maskini hata hajafungua mdomo, tayari mshachunguza ukoo wake.”

“Hata immigration hawa-rush hivyo,” rafiki akasema.

Nilicheka, lakini aliyosema mke wangu yalikuwa sahihi: tulikuwa hatujamsikia. Nikawaomba wote wasubiri. Kwa umbo alilingana na wenzake. Weusi wa mdomo ulilifikia jicho na kulimeza. Manyoya ya kipaji cha uso yaliingia mdomoni kwa ncha kali, kama herufi V. Zote hizo ni alama za tarumbeta. Nilikuwa nimesoma pia kwamba baadhi ya tarumbeta huwa na doa dogo. Ilibaki sauti.

Watu walikanyagakanyaga theluji kwa baridi. Hatimaye akainua shingo, akatoa mlio mmoja mnene, kama mtu aliyepuliza baragumu kabla hajafundishwa.

“Tarumbeta,” mke wangu akasema, kabla yangu.

Niliwaambia wanachama kwa Kiingereza: babu yake wa mbali siwezi kumwapia, lakini hakuna tulichokiona wala kukisikia kinachotulazimisha kumwita chotara. Kiongozi wa chama alirudia kutazama kwa darubini yake, kisha akaniuliza kama Februari ningekuwa na nafasi ya kuongoza tena.

“Ako nayo,” mke wangu akamjibu.