Kuponi Tatu za Kabula

Benjamini, mhoji wa utafiti, alimsomea swali haraka haraka, kama mtu aliyelisoma mara nyingi: anawafahamu wanawake wangapi wanaofanya kazi kama yake hapa Igunga, anaowajua majina nao wanamjua jina, ambao ameonana nao ndani ya mwezi huu? Kabula hakungoja amalize.

"Thelathini."

Ndivyo alivyofanywa mbegu, yaani mtu wa kwanza wa mnyororo. Alipimwa, akahojiwa, akapewa kuponi tatu awape wenzake watatu, nao kila mmoja angepewa tatu zake. Wanawake wanaojiuza hawana orodha popote. Bila mnyororo huo, nchi haiwezi kujua virusi vya UKIMWI vimeongezeka au vimepungua kwao. Kuponi zilikuwa za siku kumi na nne.

Usiku ule hakufanya kitu. Asubuhi, akiosha vyombo, alianza kuwataja. Wawili wamehamia Kahama. Nyanzala ameokoka, yuko kwaya Nzega, hapokei simu. Mama Eliya wamemzika mwaka juzi. Alipofika wa kumi na moja aliacha. Hakuwa amedanganya. Alikuwa amehesabu wa zamani, wale aliokaa nao benchi moja kliniki kila mwezi wakingoja dawa, wakitaniana, wakigawana mhogo wa kuchemsha. Sasa anapewa dawa za miezi sita kwa mkupuo. Vipimo vyake ni vizuri. Hana sababu ya kukaa benchini, na hata angekaa asingemkuta mtu.

Siku ya tano alikwenda kwenye maegesho ya malori kutafuta wenzake wa kuwapa.

"Mama, umechelewa!" tingo mmoja alimpigia kelele. "Siku hizi tunawaita kwa simu."

"Na sura hiyo, nani anapokea?" Kabula alimrudishia.

Walicheka wote, na yeye akacheka. Akaondoka na kuponi zake tatu.

Siku ya tisa alimwona binti anayesukwa nje ya saluni. Alikuwa amemwona mara kadhaa akitoka gesti na madereva, na jina alilisikia kwa msusi: Julieth. Alingoja msusi aingie ndani, akamsogelea na kumpa kuponi moja.

"Ya nini hii?"

"Utafiti. Wanapima, wanauliza maswali. Jina hawaandiki."

"Mbona unanipa mimi?"

"Nimpe nani, sasa?"

Julieth aliikunja akaichomeka kwenye sidiria. Msusi alikuwa anarudi, Kabula akaondoka.

Siku ya kumi na nne Kabula alikwenda kwenye ofisi ya utafiti kurudisha mbili zilizobaki. Njia nzima alikuwa akitafuta maneno. Kusema hakupata watu ni jambo moja. Kusema hana watu ni jingine. Getini alikutana na Julieth anatoka, amebana pamba kwenye kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Julieth alipita, kisha akarudi hatua mbili. "Hivi unaitwa nani? Wameniuliza aliyenipa kuponi ni nani yangu, nikasema simjui hata jina. Nimeona aibu kweli."

"Kabula."

"Mimi Julieth."

"Najua."

Ndani, Kabula aliweka kuponi mbili mezani. "Ile thelathini niliyosema, irekebishe. Nilihesabu wa zamani."

Benjamini alifungua kishikwambi chake, akalitafuta swali, safari hii akalisoma taratibu. "Unamjua jina, anakujua jina, mmeonana ndani ya mwezi huu. Wangapi, dada Kabula?"

"Mmoja."

"Mmoja?"

"Ungeniuliza kabla sijafika getini, ningesema hakuna."

Benjamini alifuta, akaandika, kisha akamgeuzia kioo ahakikishe. Kabula aliitazama ile moja, akasema ni sawa.