Waya Mfupi wa Printa ya Mama

Printa kuukuu ikiwashwa haianzi kazi moja kwa moja. Kwanza hukohoa, kisha husaga meno kidogo, halafu hunyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ofisini kwetu mjini tunayo moja ya aina hiyo, imesukumwa pembeni kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Juzi mwenzangu aliiwasha. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na kabla sijajijua nilikuwa nimeugeukia ukuta, mdomo wazi, tayari kupaza sauti. Nilijizuia. Watu wa ofisi wana maneno mengi, nami sikuwa na nguvu ya kuwaeleza. Ninyi nitawaeleza.

Mama yangu alikuwa mchapaji. Tulikaa nyumba ya kupanga nyuma ya Adams Arcade, sebule na chumba kimoja cha kulala, na meza yake ilikuwa sebuleni chini ya dirisha. Hapo alichapa kila kitu ambacho watu wa upande wetu walihitaji: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani, kadi za harusi, na zaidi ya yote ratiba za mazishi, zile zenye picha ya marehemu mbele na nyimbo nyuma. Kulikuwa na mama mmoja tajiri wa Spring Valley aliyekuwa akimtuma dereva kwetu, gari kubwa mpaka mlangoni, eti Nairobi nzima hakuna mwingine anayeweza kupanga majina ya wajukuu bila kumsahau hata mmoja. Mama alikuwa akituhadithia hilo mara kwa mara. Hatukumnyima raha yake.

Printa yake ilikuwa ya kijivu, nzito kama gunia la viazi, na ilifanya kazi kwa waya tu, tena waya mfupi. Kazi ikiisha aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe. Kwetu kila kitu kilikuwa na kitambaa: makochi, redio, televisheni, hata kile kidude cha WiFi kilichokaa juu ya kabati.

Nilikuwa darasa la tano mama alipoanza kuugua. Watoto huambiwa nusu ya habari. Mimi niliambiwa ni mgongo. Kwanza alikaa mezani na mito miwili, halafu mitatu, halafu siku moja hakuja mezani kabisa. Baba akamnunulia laptopu ya mtumba ili aweze kuchapa akiwa kitandani. Kuchapa aliweza. Lakini printa ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na waya wake haukufika hata mlangoni.

Hapo ndipo Baba alipoamua kwamba printa lazima iingie kwenye WiFi.

Baba alikuwa karani wa stoo, mtu wa kuhesabu misumari na makopo ya rangi. Mambo ya kompyuta aliyajua kama mimi nijuavyo Kichina. Alimwita fundi kutoka Adams, naye fundi akaizunguka printa, akaiinamia, akasimama.

"Mzee, hii ni ya kitambo. Hii inajua waya tu," alisema. "Si ununue ingine?"

"Hii ndiyo yake," Baba akamjibu.

Jumamosi iliyofuata akashuka mjini, Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, akarudi na kisanduku cheupe chenye antena mbili. Muuzaji alikuwa amemwapia kwamba ukichomeka waya wa printa humo, printa yoyote itashika WiFi. Taa yake ilitakiwa kuwa ya kijani. Ya kwetu ilikuwa ya rangi ya machungwa, ikipepesa, na ikabaki hivyo siku nenda siku rudi. Baba aliposoma kwenye simu kwamba vitu vinavyofunika vifaa huzuia mawimbi, alivua vitambaa vyote nyumbani, hata vya makochi ambavyo havikuwa na hatia yoyote. Jirani yetu Mama Wanjiku akaingia kutujulia hali, akaona sebule iko uchi kama nyumba yenye msiba, akasimama mlangoni na mkono mdomoni.

"Ngai! Ni lini?" akauliza kwa sauti ya kulia.

"Bado niko, Mama Wanjiku!" Mama akajibu kutoka chumbani. "Ni mambo ya WiFi!"

Tulicheka sote, Mama zaidi, mpaka akashindwa kupumua na Baba akakimbia kumwinua. Kicheko hicho nakikumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka sura yake, na hilo linaniuma.

Basi ikawa desturi. Kila jioni Baba alirekebisha hiki na kile kwenye laptopu, kisha akampa Mama abonyeze kitufe cha kuchapa karatasi ya majaribio, kwa sababu, alisema, mkono wake ndio una bahati. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya printa.

"Imetoka?" Mama aliuliza kupitia ukutani.

"Bado!"

"Haya, mami. Tutajaribu kesho," alinibembeleza.

Wakati mwingine alibonyeza tena, na tena, nami nikajibu bado, bado, bado. Sauti yake ilikuwa ikipungua, nikadhani ni ukuta. Baba naye alikuwa na methali yake, mvumilivu hula mbivu. Mpaka leo siwezi kuisikia bila kukasirika.

Sasa ninyi mnaosoma mmeshaliona jibu, kama nilivyoliona mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Jioni moja nilisema, "Baba, si tubebe tu printa tuilete huku chumbani? Hapo kwa stuli itatosha. Waya utafika."

Mama aligeuza uso akatazama dirisha. Baba akanishika mkono, akanitoa hadi nje kwenye kamba za nguo. Hakuwa amewahi kunifokea.

"Usiwahi sema hivyo tena! Umenisikia? Printa ni ya pale kwa meza. Mama atarudi akae pale."

Nililia kwa kuonewa. Nilijua kwamba nimesema kweli, na nilikuwa nimesema kweli. Kilichonipita ni kwamba na wao waliijua. Kumpelekea printa chumbani kungekuwa kumwambia kwamba hatatoka humo.

Hakutoka. Tulimzika nyumbani Bungoma. Ratiba ya mazishi yake ilichapwa na watu wengine, na waliliacha jina la mjukuu mmoja wa dada yake. Angeona aibu.

Tuliporudi Nairobi tulikuta stima imepotea. Tulikaa tu, Baba chumbani, mimi sebuleni, kila mtu na upande wake wa ukuta. Alasiri stima ikarudi, na nikamsikia Baba akiiwasha laptopu ya Mama ili atazame picha zake. Kisha, nyuma yangu, printa ikakohoa.

Taa ya kisanduku ilikuwa ya kijani.

Karatasi ikatoka, ile ya majaribio, yenye maneno ya kumpongeza mwenye printa kwa kuiunganisha vizuri. Nikaruka, nikaugeukia ukuta.

"Imetoka! Mama, imetoka!"

Nilingoja jibu. Niliendelea kulingoja hata baada ya kukumbuka.

Ikatoka ya pili, ya tatu, zikafuatana. Baba akatoka akasimama nami. Karatasi zilipoisha, printa ikapepesa taa ikidai nyingine. Nilifikiri ataizima. Badala yake alifungua droo ya meza, akachukua karatasi safi za kazi, akazipakia.

"Baba, unamaliza karatasi za Mama," nikamwambia.

"Wacha zitoke zote. Alibonyeza yeye."

Sikumwelewa. Niliona ni uharibifu, karatasi nzuri zote zikiandikwa maneno yale yale. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa: kila mara Mama aliyobonyeza ilikuwa imehifadhiwa ndani ya laptopu ikingoja printa, jioni zote zile nilizomwambia bado, na Baba hakutaka hata moja ipotee.

Ya mwisho ilipotoka, printa ikanyamaza. Baba aliipakia karatasi tena, tukasimama pale wawili tukingoja nyingine.